Elimu ya viumbe ianzie ufukweni kwetu

Majuzi, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani huko Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, aliponijia jirani yangu mmoja akiwa ameshika karatasi mkononi. Karatasi hiyo ilikuwa na orodha ya kozi alizozichagua bintiye baada ya kufaulu mtihani wa KCSE. Ya kwanza katika orodha haikuwa udaktari, wala uuguzi, wala uhasibu. Ilikuwa shahada ya sayansi inayoshughulikia ikolojia, mageuko ya viumbe na uhifadhi wao.

"Mwalimu," akaniambia huku akiketi, "mtoto huyu nimemsomesha kwa pesa za duka tangu darasa la kwanza. Leo ataka kwenda chuo kikuu akahesabu ndege. Wewe umesoma. Hebu nambie, atakula nini?"

Sikumjibu siku hiyo. Mimi ni mhadhiri wa isimu. Shahada yangu ya uzamifu ni ya maneno, si ya wanyama. Wapo majirani ambao, kwa kusikia naitwa daktari, hunijia na vikohozi vyao, nami huwaelekeza hospitalini. Nilimwomba jirani yangu anipe muda. Muda huo nimeutumia kuuliza, kusoma na kutembea, na jibu nililolipata nimeona nilitoe hapa hadharani, kwa sababu naamini mzazi huyu si wa pekee. Swali lake huulizwa katika nyumba nyingi kila mwaka matokeo yanapotangazwa, na aghalabu wanaolijibu ni watu ambao, kama mimi, hawakuwahi kujiuliza elimu hiyo ni elimu gani.

Basi na tuanze hapo. Ikolojia ni taaluma ya mahusiano. Huchunguza nani anamla nani, nani anamhifadhi nani, na hali ya maji, udongo, jua na upepo inamfaa nani na kumdhuru nani. Mageuko ni taaluma ya historia: jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi, na kwa nini waliokuwa jamii moja wakawa jamii mbili. Biolojia ya uhifadhi huzichukua taaluma hizo mbili na kuuliza swali la vitendo: tufanye nini ili kilichopo leo kisitoweke kesho? Mwanafunzi wa fani hii husoma pia takwimu, kemia, jenetiki na uchoraji wa ramani, kisha hutoka darasani akaloa tope hadi magotini.

Ni kweli kwamba huhesabu ndege. Lakini jirani yangu ni mwenye duka, naye anajua zaidi yangu kwamba asiyehesabu mali yake hawezi kujua lini imeanza kupungua. Tofauti ni kwamba yeye bidhaa zikimwishia huagiza nyingine. Nguva wakitwishia baharini, hatuna pa kuwaagiza.

Nilipokuwa shule ya sekondari, somo hili nililisoma kama hadithi ya nchi za mbali. Nilikariri kwamba nyasi huliwa na sungura na sungura huliwa na mbweha, nikapata alama nzuri, ingawa hadi leo sijamwona mbweha hata mmoja akikatiza Mji wa Kale. Hapana mtu aliyeniambia kwamba mfano bora wa somo lile ulikuwa juu ya paa la nyumba yetu, ukipiga kelele tangu alfajiri. Namkusudia kunguru yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, ambaye sisi huku pwani humwita kurabu.

Kurabu si ndege wa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na inaelezwa kwamba kusudi lilikuwa ni kusaidia kuondoa taka mjini. Hapa Mombasa alianza kuonekana mwaka 1947. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini mgeni huyu wenyeji hawakupona naye. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, huwafukuza ndege wengine kwenye miti, na huyapokonya hata mabanda ya kuku. Serikali imejaribu kumwangamiza kwa sumu zaidi ya mara moja. Mnamo Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru hawa wapatao milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Msomaji anayeishi Mombasa na atazame juu ya paa lake, kisha aamue mwenyewe kama wamekwisha.

Sasa tujiulize swali la kiikolojia. Ni nini kinachomlisha kurabu? Ni jaa letu. Ni matumbo ya samaki yanayotupwa sokoni, makombo ya hotelini na mifuko ya taka tunayoiweka nje usiku. Ndege huyu ataongezeka kadiri ya chakula tunachomwandalia. Ukiua nusu yao na jaa likabaki vilevile, nusu iliyosalia hupata chakula maradufu na huzaa. Mtu aliyesoma fani hii angekuuliza habari za jaa kabla ya kukuuliza habari za sumu. Hiyo ndiyo faida yake: hutufundisha kutafuta chanzo pale ambapo macho yetu yameng'ang'ania tukio.

Walimu wenzangu wa shule za kisiwani, mfano huu hauhitaji maabara wala gharama. Wapelekeni wanafunzi nje kwa muda wa kipindi kimoja, wahesabu kunguru karibu na jaa na mbali na jaa, kisha walinganishe. Watakuwa wameanza chuo kikuu wangali kidato cha pili.

Nilitaka pia kumfahamu binti mwenyewe na kujua kilichomvuta. Nikaambiwa kwamba babu yake mzaa mama alikuwa mvuvi, na tangu utotoni alikuwa akimchukua baharini siku za mapumziko ya shule. Jumapili moja tukapanda dau, babu, mjukuu na mimi na daftari langu, tukatoka Bandari ya Kale tukaingia ndani ya mkono wa bahari wa Tudor, wakati maji yameanza kujaa lakini mizizi ya miti bado haijafunikwa.

Nakiri kwamba siku hiyo niliona haya. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na kwangu mimi miti yote ile ilikuwa "mikoko". Binti aliinyooshea kidole mmoja mmoja. Ule wa mbele kabisa, unaotangulia kukutana na bahari, ni mlilana, ambao mti wake hufanyiwa mataruma ya vyombo. Ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa ni mkoko wenyewe. Nyuma yake kuna muia na mkandaa, ambao gome lake lilitumika tangu zamani kutengenezea ngozi. Ule unaochomoza vijiti vingi topeni ili upumue, na ambao majani yake ukiyaramba utaonja chumvi, ni mchu. Wanasayansi wamehesabu aina tisa za miti hii katika pwani ya Kenya, nasi tuna majina ya kuitofautisha tangu kabla hawajaja kuihesabu.

Majina hayo hayakutungwa kwa mchezo. Nyumba za kale za mji wetu zimeezekwa kwa boriti, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Biashara ya miti hii ilikuwa na msamiati wake kamili: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila neno na unene wake. Kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka boriti hizo Arabuni na Ghuba, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Aliyekosea jina alikosea bei. Kwa hivyo watu walijua.

Tukiwa ndani ya dau, nilimuuliza mzee kwa nini miti ile imejipanga safu safu. "Ndivyo alivyoipanga Mola," akanijibu. Mjukuu wake akasema, "Ni kweli, Babu, na ameipanga kwa chumvi na kwa maji. Kila mti una saa zake unazoweza kukaa ndani ya maji, na una chumvi yake unayoweza kuihimili. Ukizidishiwa, hufa." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaongeza jambo ambalo mjukuu hakulijua: akatuonyesha mahali ambapo milanda ya mililana ilikatwa, mchanga ukahama, na kamba hawakuonekana tena pale. Binti akauliza, "Mwaka gani, Babu?" Akajibiwa, "Kabla ya mafuta ya Makupa." Mafuta yalimwagika Makupa mwaka 1988 na kuua mikoko mingi. Binti akaandika.

Ndugu msomaji, pale ndipo nilipoielewa shahada hii. Babu alikuwa na kumbukumbu ya miaka hamsini bila ya nadharia ya kuieleza. Mjukuu alikuwa na mwanzo wa nadharia bila ya kumbukumbu. Ukimnyima mjukuu shahada, kumbukumbu ya babu itazikwa naye. Ukimpa shahada inayomfundisha kumdharau babu, matokeo ni yaleyale.

Jambo hili la mwisho lanikera kama mtu wa lugha. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa biolojia wa chuo ambacho sitakitaja alinijia na rasimu ya mradi wake kuhusu samaki wa mwambani. Alikuwa ameorodhesha majina waliyompa wavuvi: tafi, pono, changu, tewa, kikande, mkundaji. Msimamizi wake alikuwa ameyapiga mstari mwekundu yote na kuandika kwamba majina hayo si ya kisayansi. Mwanafunzi aliyafuta. Ripoti yake ikabaki na majina ya Kilatini peke yake, ambayo wale wavuvi waliompa habari hawawezi kuyasoma.

Sisemi kwamba majina ya Kilatini hayana kazi. Samaki mmoja huweza kuitwa hivi Lamu na vile Vanga, na jina moja huweza kubeba aina tatu. Jina la Kilatini hutuhakikishia kwamba mtu wa Mombasa na mtu wa Brazili wanazungumzia kiumbe kilekile. Ninachosema ni kwamba yanahitajika yote mawili, na historia ya sayansi ya bahari yetu yenyewe inao ushahidi.

Mwaka 1938 huko Afrika Kusini alivuliwa samaki wa ajabu, mwenye mapezi kama viungo vya miguu, ambaye wataalamu walikuwa wakimjua kwa visukuku tu na waliamini alitoweka zamani za madinosaria. Mwanazuoni J. L. B. Smith alitaka kumpata wa pili. Akasambaza vikaratasi vyenye picha na ahadi ya zawadi, vikiwa vimeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Alingoja miaka 14. Samaki wa pili alipatikana mwaka 1952 katika kisiwa cha Nzwani, Komoro, na ikadhihirika kwamba wavuvi wa huko walikuwa wakimvua mara kwa mara na walikuwa na jina lake, gombesa. Kikomoro ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Lugha ya watu waliokuwa na jibu haikuwemo miongoni mwa lugha tatu za swali. Samaki huyohuyo alikuja kunaswa na meli ya uvuvi karibu na Malindi mwaka 2001.

Kwa upande wa pili, ni lazima tuseme kweli kwamba wazee wetu nao hawana majibu yote. Wavuvi wengi huniambia kwamba samaki "wamehama". Lakini tafiti zilizofanywa kwenye miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980 zinatoa maelezo mengine. Kikande, samaki ambaye hatumthamini sana sokoni, ni mlaji mkuu wa yule mnyama wa miiba mirefu myeusi anayemchoma mvuvi unyayoni. Kikande akivuliwa akaisha, wanyama wa miiba huongezeka mno, na wao hukwangua na kuumega mwamba wanapotafuta chakula. Mwamba ukimegeka, samaki wengine hukosa makao na malisho. Hawakuhama, nyumba yao imebomoka. Katika maeneo yaliyohifadhiwa, kama lile la Mombasa lililotangazwa mwaka 1986, mvuvi anaweza kujionea tofauti kwa macho yake. Habari kama hii ikibaki katika majarida ya Kiingereza, mvuvi atajuaje kwamba kikande aliyemtupa ni mlinzi wa mtego wake?

Lipo jambo jingine ambalo jirani yangu hakulitamka, lakini niliona linamsumbua. Neno "mageuko" huwatia wazazi wengi hofu. Wanadhani mtoto atarudi nyumbani amepoteza imani. Mimi si mwanazuoni wa dini, na mjadala huo una wenyewe. Nitasema tu kwamba kuchunguza viumbe si jambo geni katika utamaduni wa Kiislamu. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, akieleza jinsi wanavyowindana na jinsi mazingira yanavyowaathiri. Hakuna aliyemwambia aache kwa kuwa ni kuhesabu ndege.

Na kwa atakaye kuelewa mageuko ni nini, mtaa wetu unao mfano usio na utata. Barabara kuu ya Mji wa Kale huitwa Ndia Kuu. Mtu wa Unguja angeiita Njia Kuu. Sisi wa Kimvita tunasema mato, wao wanasema macho. Hakuna aliyeketi akaamua tofauti hizi. Watu waliokuwa na lugha moja walitengana kwa maji na kwa wakati, na mabadiliko madogo yakajikusanya, hata leo tunaweza kurudi nyuma na kuonyesha asili moja ya Kimvita, Kiamu, Kiunguja, Kimijikenda na Kikomoro. Darwin mwenyewe alilinganisha lugha na viumbe katika kitabu chake cha mwaka 1871. Samaki wadogo wa Ziwa Viktoria walipitia njia kama hiyo wakawa mamia ya aina, kisha mwanadamu akaleta sangara katika miaka ya 1950 na aina nyingi zikatoweka katika muda wa kizazi kimoja. Jambo lililochukua maelfu ya miaka kujengeka halikuhitaji hata miaka hamsini kubomoka. Hilo ndilo somo ambalo binti anataka kulisoma.

Sasa nirudi kwenye swali la riziki, kwani sitaki kulikwepa. Sitamdanganya jirani yangu kwamba ajira zimejaa. Wahitimu wa fani nyingi wanatembea na vyeti vyao, na wa fani hii wamo. Lakini kazi zipo. Taasisi ya kitaifa ya utafiti wa bahari na uvuvi ina makao yake makuu hapa hapa Mombasa tangu ilipoanzishwa mwaka 1979. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inamtaka kila anayejenga mradi mkubwa kufanya tathmini ya athari zake kwa mazingira, na tathmini hiyo haiwezi kuandikwa na mhasibu. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wakishirikiana na wanasayansi wanahifadhi hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 mikoko hiyo imewaingizia fedha kwa hewa ya ukaa inayoihifadhi, na fedha hizo zimesaidia maji na shule.

Isitoshe, riziki si ya mtu mmoja tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa sababu ujenzi wa bandari mpya ulidhuru maeneo yao ya uvuvi na mazingira yao. Mwaka 2019 mahakama maalum ya mazingira ilibatilisha leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huko huko Lamu, kwa kuwa tathmini yake ilikuwa na kasoro na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi za namna hii haziamuliwi kwa machozi. Huamuliwa kwa ushahidi: samaki walikuwa wangapi, wakazaliana wapi, mikoko ilikuwa na eneo gani kabla ya mashine kuja. Kama sisi hatuna watoto waliosomea kukusanya ushahidi huo, tutategemea ushahidi wa mtu mwingine, na mtu mwingine huenda ameajiriwa na upande wa pili.

Tukumbuke vilevile kwamba Profesa Wangari Maathai, kabla ulimwengu haujamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya biolojia. Bila shaka wapo waliojiuliza yeye naye atakula nini.

Kutokana na hayo, nina maombi kwa pande tatu.

Kwa wazazi: msiiondoe kozi hii kwenye orodha kabla ya kuuliza ni ya nini. Mwulizeni mtoto anapenda nini ndani yake. Akiwa ameichagua kwa kubahatisha, mshaurini. Akiwa ameichagua kwa kuwa ameona kitu kinapungua na anataka kujua kwa nini, mwacheni aende.

Kwa wahadhiri wenzangu wa sayansi, hasa katika vyuo vya mwambao huu kama vile Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vyote viwili vilivyopewa hati mwaka 2013: msiyapige mstari mwekundu majina ya Kiswahili. Yaandikwe kando ya yale ya Kilatini, pamoja na mahali yalipochukuliwa. Kila mradi wa shahada ya kwanza uwe na kurasa mbili za Kiswahili zitakazosomwa mbele ya wavuvi au wanakijiji waliotoa habari, ili wakubali au wapinge. Istilahi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Pale zinapopungua, sisi wa isimu tuko jirani, mlango wa pili. Tuiteni.

Kwa wanafunzi: mtakapofika chuoni mtakuta kwamba wenzenu wanajua mengi ya vitabuni. Msione unyonge. Anayejua bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, na anayeweza kutenganisha mchu na mlilana gizani kwa kupapasa gome, ameshasoma nusu ya muhula wa kwanza. Lakini nusu ya pili someni kwa bidii, hasa hisabati, kwani bahari haimwonei huruma mtu kwa kuwa ni mwenyeji.

Jirani yangu nilimpa jibu langu jioni ya juzi, kwenye baraza ileile. Nilimwambia kwamba sijui mwanawe atalipwa kiasi gani, na kwamba yeyote atakayemwambia anajua, anamdanganya. Ninachokijua ni kwamba kazi ipo, tena ni kubwa, na kwamba wanaoweza kuifanya vyema wanazaliwa katika mitaa hii yetu, kisha tunawafundisha kuikimbia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaikunjua ile karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, akaikunja tena na kuitia mfukoni bila ya kufuta kitu.

"Basi na aende," akasema. "Lakini ukimuona huko chuoni, Mwalimu, mwambie asije akasahau jina la samaki."

Nimeahidi kumwambia. Ninawaomba na walimu wake wamsaidie asisahau, kwani mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa hawezi kuhifadhi kitu ambacho si chake.